Glasi Tatu za Unga

Daftari la shangazi Genowefa
linasema glasi tatu za unga, basi.
Glasi iliyojazwaje, halisemi.

Jikoni Łódź, theluji dirishani,
Wiesława amewasha mizani.
Unga uliochekechwa: gramu mia na ishirini na tano.
Uliochotwa kwa pupa: mia na arobaini na nane.
Anachota tena, mkono uleule,
namba inakuja nyingine.

Haba na haba hujaza kibaba,
sawa, lakini kibaba kikijaa
kina uzito gani?

Keki ya kwanza ilikuwa tope.
Ya pili, tofali.

Mzee Ludwik wa mlango wa pili,
aliyepelekewa kipande cha lile tofali,
alikitafuna kwa adabu, akauliza:
"Mbona safari hii sikusikia kugonga?
Marehemu aligonga glasi mezani,
ko, ko, ko, halafu kimya.
Nikihesabu tisa ukutani
najua kesho kuna keki."

Wiesława hakungoja asubuhi.
Akajaza, akagonga mara tatu,
unga ukashuka,
akaongeza, akasawazisha kwa kisu.
Mia na sitini na tatu.

Anaandika kwa penseli kando ya wino wa shangazi.
Nyuma ya ukuta mtu anakohoa,
anasubiri glasi ya pili.