Nane kwa Nane

Chumba cha tatu, hospitali ya Ibra.
Mtandio umekaa upande,
mkono hauendi juu kuuweka sawa,
na msichana aliyeingia na faili
ni rika la mjukuu wangu Rayhana.
"Mimi Ibtihaj," asema kwa Kiarabu,
kisha kwa Kiswahili cha bibi yake, chenye vumbi la kabati:
"Bega lina nini, bibi?"

Nikammiminia yote. Miezi mitano.
Usiku silalii ubavu wa kulia.
Shemeji wa Bidiya ametaka kuniunguza,
chuma chekundu, kama walivyomchoma mama yake mgongoni,
alama tatu,
na mgongo ukaendelea kuuma pembeni mwa alama.
Nikakataa. Na picha hii, nimeilipia Maskati,
imeandikwa kano imechanika.
Imechanika, mwanangu!
Wewe utaishona kwa kipande cha mpira?

Picha aliiweka mezani, uso chini.
"Falaji ya mtaani kwenu ina nyufa?"
Tangu naolewa.
"Na maji?"
Yanafika mitendeni.
"Basi. Wamepigwa picha watu wa umri wako
wasioumwa popote, wengi tu wakakutwa na kano zilizochanika.
Hawana habari. Wanabeba wajukuu.
Picha haisemi uongo, bibi,
ila haijamaliza maneno."

Nitapona?
Hapo ndipo nilipompenda: hakuapa.
"Wenye bega kama lako wakafanya mazoezi wiki kumi na mbili,
wengi walipata nafuu. Si wote.
Wiki ya sita tukiona kimya, tutabadili njia,
na sitakuficha."
Nimewaona waganga, wa chuma na wa koti jeupe.
Hakuna aliyewahi kunambia *si wote*.

"Mkono unautakia nini?"
Ajabu ya swali.
Nikasema: nazi.
Mkwe wangu anapikia unga wa pakiti,
wali unanuka karatasi,
na mbuzi niliyotoka nayo Wete
iko juu ya kabati, meno yameota kutu.
Akaandika, nimeona kwa macho yangu:
*Lengo: kukuna nazi moja.*

Mpira wa manjano, kitasa cha mlango wa jikoni.
Vuta mara nane, pumzika, tena nane.
"Maumivu mpaka nne katika kumi, endelea.
Yakikulalia hadi asubuhi, punguza. Usiache."

Nane na nane!
Baba yangu alikuwa akitunga, akihesabu mizani kwa vidole
juu ya goti, chai ikipoa.
Leo nahesabu kwa bega:

*Bega langu la kulia, limekataa kupanda,*
*nalivuta polepole, mpira kama ukanda.*

Wiki ya tatu nilimtukana Ibtihaj, peke yangu, jikoni.
Wiki ya nne nilidanganya, nikasema nimefanya,
akaupima mkono kwa kile kirula chake cha pembe,
akanyamaza, akanipa glasi ya maji.
Aibu ile ilinifanyisha mazoezi kuliko mpira.

*Ulo nami siku zote, mkono usinikane,*
*panda japo kwa uchungu, tuhesabu hadi nane.*

Mpira ukawa mwekundu.
Kisha pakiti ya mchele, kilo moja, kisha mbili.
Asubuhi moja nikajikuta nimebana nywele kisogoni
na sijui nimebana saa ngapi.

Shemeji anauliza: dawa gani?
Namwambia: kuvuta mlango.
Anacheka. Namwonesha mkono,
unafika sikioni, haujafika mbinguni,
kuna pembe bado inanung'unika.

Jana mkwe aliiteremsha mbuzi, nikaisugua kwa ndimu.
Nikakaa. Nikakuna.
Nusu ya kwanza ilishuka nyeupe,
vidole vikarowa tui,
bega likasema tatu, likasema nne,
likaanza kutaja tano.

Nikasimama.
Nusu nyingine iko kwenye friji,
imefunikwa sahani.