Kovu la Bidzina

Usiku, Kutaisi, theluji dirishani.
Nestani anainyoosha picha yake ya kwanza:
tanuri la mkate lilikuwa limelala upande
kama mlevi anayetafuta mlango.
Anakata pembeni. Kinatoka kidole chake mwenyewe
na nusu ya mbwa.

Anaongeza mwanga, kidogo, kidogo tena,
mpaka unga kwenye nyusi za mjomba unachomoza gizani,
na mkono wa shati, ulioungua.

Kuna brashi ya kufuta madoa.
Anagusa kovu la shavuni: halipo.
Bidzina anamtazama, laini kama yai,
karani wa benki asiyemjua.

Tengua.
Kovu linarudi kwao.

Anahifadhi.
Ila yule mbwa anamsumbua.
Alfajiri atarudi tanurini,
safari hii asimame mbali kidogo.