Kisanduku cha Nne

Fomu yetu ya ushirika wa asali, hapa Isevya,
ina visanduku vitatu, basi:
lako, la baba, la babu.
Yeye akajaza mpaka wino ukatoka nje ya mstari:
María Dolores Peláez Ibarra.

"Lipi la mume?"
"La mume analo mwenyewe," akasema,
akilamba nta kidoleni.

Peláez la baba. Zamani, mwana wa Pelayo;
ile -ez ya mkiani ndiyo "bin" yao,
imegandia, haibanduki.
Ibarra la mama: bonde, kwa lugha ya milimani kwao.
Linakuja nyuma, lakini linakuja.

Na Dolores?
"Maumivu." Akacheka. "Nyumbani wananiita Lola,
ili yasiume sana."

Nikaweka kalamu chini.
Mama yangu aliitwa Nyanzala,
wa mwaka wa njaa,
mihogo ilipong'olewa ingali nyembamba kama uzi.
Kwenye cheti changu hayumo.
Mimi ni Shija Mihambo Kasele,
wanaume wawili wamenikalia mabegani,
na Shija lenyewe lasema tu
kwamba Kulwa na Doto walinitangulia.
Walitangulia kutoka wapi,
fomu haikuuliza.

Jioni, mizani imefunikwa,
nyuki mmoja bado anagombana na kioo,
nikatafuta faili langu, na rula.
Kisanduku kimepinda kidogo.
Jina limeenea.

Meneja atauliza.
Aulize.