Mashoto

Mtoto wa meza namba kumi na tisa hafunguki
mpaka umpige goti.
Ndani yake mawe ya pwani ya Atlantiki,
yaliyofika Lubumbashi kwa treni kabla mama yangu hajazaliwa,
na hakuna aliyewahi kuyauliza habari.
Mji huu, jiwe lisilo na shaba halina mwenyewe.

Nikapuliza vumbi. Gando.
Dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Karani wa zamani aliandika kwa wino wa zambarau:
Kaa, kipande.
Kisha, nadhani, akaenda kula.

Si kaa.
Kaa hana kiganja bapa namna hii,
chenye ukingo wa sepetu.
Huu ni mkono wa mchimbaji,
kamba wa tope, aliyekaa shimoni mwake
akisukuma udongo nje, akisukuma, akisukuma.
Ndugu yangu Mukalay huingia chini vivyo hivyo, upande wa Ruashi,
na mikono yake imezeeka kabla ya uso.

Tunasema kamba hukatikia pembamba.
Huyu alikatikia palipo laini:
tumbo likarudi tope, mgongo ukawa maji,
macho sijui.
Kilichobaki ni chombo cha kazi.

Umeme ukakatika saa nne.
Nikabeba hadubini hadi dirishani,
nikageuza kioo kidogo kiombe jua
juu ya paa la karakana.
Meno kwenye kidole cha chini: matatu.
Michoro yote niliyo nayo ina mawili.
Nikahesabu tena. Nikanywa maji. Nikahesabu.

Profesa Kapend hakuinua kichwa.
“Gando moja si ukoo, Mama Feza.
Jino la tatu laweza kuwa kilema.
Niletee ndugu zake.”
Nilimchukia hadi saa nane.
Saa nane nikaona kwamba amesema kweli.

Ndugu walikuwa nyuma kabisa,
katika kopo la tumbaku,
wamezungushiwa gazeti la bei za mahindi.
Kumi na moja.
Wawili wamevunjika, mmoja nusu,
lakini kila penye kidole pana meno matatu,
na chini yake safu ya vishimo
ambamo zamani ziliota nywele.
Nikawapanga juu ya kitambaa cheusi
ndipo nikaona kile ambacho jicho lilikwishaona:
wote wa kushoto.
Gando kubwa la kulia, hata moja hakuna.

Labda mawimbi yalichagua.
Labda aliyeokota alipenda upande ule.
Nimeliandika hilo pia, kwa penseli,
maana jiwe halipingi ukilisingizia.

Mama yangu alikuwa mashoto.
Shuleni kwa masista, Kipushi,
walimfunga mkono ule kwenye kiti
kwa kamba, hii nyingine, ya katani,
mpaka mkono wa kulia ukajua kuandika jina lake.
Hadi leo huandika kulia,
na kusonga bukari kushoto.
Bukari haijawahi kulalamika.

Jina la kwanza la mnyama ni la ukoo wake,
halinihusu.
La pili ni langu kulitoa.
Profesa alitazamia lake, naona;
alisafisha miwani mara mbili.
Nikaandika: mashoto.
Akasoma. Akakohoa.
“Wasomi wa ng'ambo watadhani ni Kilatini.”
“Wadhani,” nikasema.

Jioni nikampigia mama, Katuba.
Nikamweleza tope, bahari, meno matatu.
Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
“Na huyo kamba, analiwa?”
“Mama, amekufa miaka milioni hamsini na kitu.”
“Basi chumvi imemwingia,” akasema,
na nikasikia mwiko ukigonga sufuria,
upande niujuao.

Kesho kadi mpya, namba mpya.
Ile ya zambarau sitaitupa.
Nitaiweka chini yake,
na mtoto wa meza nitampiga goti afunge.