Pishi ya Tatu

Novemba, Mvumi, udongo bado majivu.
Nimeberega shamba la juu,
nikafukia uwele mavumbini,
pishi moja tu, tena kwa shingo upande.

Tarehe tisa ikanyesha.
Chedego akapima kopo lake la kigingini
kwa rula ya shule: milimita kumi na mbili.
Kijiji kizima kikatoka na majembe.
Mimi nikakaa.

Kopo likalala tupu siku kumi na tisa.
Miche ikajisokota kama tumbaku,
mbegu zilizosita kuota
kanga wakazifukua alfajiri.

Mbeleje hakunilaumu.
Aliingia ndani, akapapasa kilindo:
pishi ya pili ipo,
ya tatu ameikalia mwenyewe.

"Hii," akasema, "mvua ije kwanza iniamkie."