Sufuria ya Tatu

Sufuria ya tatu imeungua mwezi huu.
Maharage yamekuwa mkaa.
“Moshi ndani ya Moshi,” alisema Anasia,
akiupunga nje ya dirisha kwa daftari la sayansi.

Nilikuwa nimekaa kutafuta kitu kimoja:
bei ya magunia ya katani, mia mbili,
ya chama chetu cha kahawa.
Saa mbili usiku. Dakika tano tu, nilisema.
Kufikia saa tisa nilishajua
kwamba pweza ana mioyo mitatu,
reli hutandazwaje juu ya tope,
na namna ya kufungua saa ya ukutani
ambayo sina.
Bei ya magunia sikuijua.

Baba aliniita mvivu.
Miaka thelathini na minne niliitikia jina hilo,
hata usiku ambao mgongo uliwaka
na macho yakakauka mbele ya kioo.
Mvivu gani huyu, asiyejua kuacha?

Daktari alikuwa msichana, kalamu ameitafuna ncha.
Aliuliza, “Na funguo, huwa zinapotea?”
Nikacheka mpaka machozi.
Asubuhi ile nilizikuta kwenye friji, chini ya sukuma wiki.
Akanitajia hali yangu kwa jina refu.
Nililiandika kiganjani,
nikanawa kabla ya kufika Njoro.
Wino ulitoka.
*Si uvivu* haikutoka.

Basi nikaukumbuka mfongo wa kule Uru.
Maji hayakuwa machache.
Yalishuka kutoka msituni usiku na mchana,
lakini kila kihamba kilikuwa na siku yake:
Jumanne kina Mariki, Jumatano sisi.
Aliyefungua lango usiku, nje ya zamu,
alitozwa debe la mbege, mbele za watu.

Mimi ni mwizi wa maji yangu mwenyewe.

Sasa nanunua umeme wa elfu mbili, elfu mbili,
mita ikianza kulia, ndiyo kengele ya lango.
Ruta inalala kwa Mama Haikaeli
ndani ya kopo la unga wa ulezi
tangu saa tatu usiku.
Nikiidai kabla ya kupambazuka, faini ni soda mbili,
moja yake, moja ya mgeni yeyote aliyepo.
Wiki ya kwanza alinisihi nijirekebishe:
sukari, alisema, itamuua.

Sisemi nimepona. Juzi nilikopa bando kwa simu,
chini ya blanketi, kama mtoto anayelamba maziwa ya unga.

Saa ya kengele, ya kujaza kwa ufunguo, nilinunua Mbuyuni.
Inalia kama mbuzi aliyekanyagwa.
Naiweka jikoni, mbali, ili nisimame.
Na Anasia hukaa upande wa pili wa meza
na sehemu zake za darasa la sita.
Haniambii neno. Penseli yake inakwaruza tu.
Sijui kwa nini mkwaruzo ule
unanishikilia kwenye ukurasa mmoja
kuliko viapo vyote nilivyowahi kula.

Alhamisi nilifungua, nikaipata bei,
nikaiandika kwenye karatasi, nikafunga.
Dakika kumi na saba.
Kisha mikono ikabaki hapo juu ya meza,
haina pa kwenda,
na ile hamu ikaja, ikasimama mlangoni
kama mtu anayedai kodi.

“Mjomba, umemaliza?”
“Magunia nimemaliza. Mimi bado.”

Mbuzi akalia jikoni.
Nikaepua mapema mno, kwa woga.
Maharage yalikuwa magumu kidogo.
Tukayala hivyo hivyo,
tukitafuna polepole,
na sufuria nyeupe ndani.