Mshono wa Senga

Mlingoti ulichorwa mrefu makusudi,
rada ilione kombora linalokuja likiambaa mawimbi.
Kuta zikalazwa, miale ya adui iteleze isirudi kwao.
Hayo ya wahandisi.

Senga McGurk, mchomeleaji wa Scotstoun,
yeye alilala chali chumba cha pampu,
cheche zikimwingia kolani,
mvua ya Glasgow ikigonga bati.

Miaka kumi na tatu.
Manowari imerudi gatini na kutu omoni,
makombora arobaini na nane bado yamelala mashimoni.
Baharia kijana anamulika kwa tochi:
mshono ule, chini ya rangi ya tatu.
Senga anaupapasa.

"Haujavuja?"
"Hata tone."

Anacheka. Nyumbani kwake paa linavuja tangu Januari.